Kumngoja Mheshimiwa Ahame

Baba yangu alizikwa Morogoro alasiri ya siku ileile aliyofariki, kama dini inavyotaka, na saa hizo mimi nilikuwa Mirdif, Dubai, napiga pasi mashuka. Kwa mazishi simlaumu mtu. Hata ningepewa ndege yangu peke yangu nisingewahi. Nilichokitaka mimi ni arobaini. Siku ya hitima ya arobaini ndiyo siku ambayo kwetu watoto wote wa marehemu huonekana, wa karibu na wa mbali, na asiyeonekana hutajwa. Mkataba wangu wa miaka miwili ulikuwa umekwisha, likizo imeiva, tiketi ni haki yangu. Kilichobaki ni madam kufungua mdomo na sir kufungua kasha.

Kasha lilikuwa katika chumba cha kazi cha sir, nyuma ya mlango, na humo ndimo ilimokaa pasipoti yangu pamoja na ya dereva. Sheria ya nchi ile inakataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Sheria hiyo niliijua mimi, aliijua dereva, na sir aliijua kutushinda sote.

Madam alinipa pole ya kweli. Alinishika mkono akalia kidogo, maana naye baba yake alikwisha fariki. Kisha akauliza hiyo arobaini ni kitu gani, nikamweleza. Nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetuliwa ndoo.

"Kwetu sisi ni siku ya kumi na tatu," akasema. "Siku ya kumi na tatu mambo yamekwisha, watu wanarudi kazini. Nyinyi mna arobaini. Basi una muda mwingi." Akaniambia kaka yake mkubwa anakuja kutoka India kukaa siku chache na mikono yangu inahitajika. "Bhaiya akiondoka, na wewe unaondoka. Inshallah."

Madam ni Mhindu, lakini Dubai kila mtu husema inshallah, na wewe mfanyakazi hujifunza kuipima nyumba kwa nyumba. Iko inshallah ya ndiyo, na iko ya kukusindikiza mlangoni. Ile ya siku hiyo niliipokea kama ndiyo, nikamtumia dada yangu ujumbe kwamba nakuja.

Huyo Bhaiya, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao, alifuatwa uwanja wa ndege na sir mwenyewe. Hapo nikaanza kunusa kitu. Sir alikuwa na kampuni ya kusafirisha mizigo kule Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, mtu wa haraka, na hata mama yake mzazi alipokuja kututembelea alimtuma dereva akamlete. Sasa kwa shemeji anakwenda yeye, tena mchana wa kazi. Mgeni alishuka garini tumbo limetangulia, kavaa nyeupe tupu toka shingoni hadi miguuni, na begani ameweka skafu nyeupe yenye mstari wa kahawia. Aliponiona nimesimama na tambara mkononi alikutanisha viganja vyake kifuani akaniinamia. Nilijua papo hapo. Hakuna mtu anayemwinamia mfanyakazi wa ndani namna ile isipokuwa mgombea. Tangu siku hiyo mdomoni nilimwita sir kama wengine, ila moyoni jina lake likawa Mheshimiwa.

Habari kamili aliniletea dereva. Alikuwa Mkenya wa Kakamega, mcheshi, na kazi yake ilimpa faida moja: sir akiwa garini huongea na simu njia nzima kana kwamba anayeendesha ni sehemu ya usukani.

"Huyo ni mbunge kwa bunge la jimbo lao," akaniambia tukinywa chai nyuma ya jiko. "Upinzani wanataka kuangusha serikali, so wanavuta watu mmoja mmoja. Wenzake wamefungiwa hoteli huko India, simu zimechukuliwa, ni kukula na kulala tu wasije wakarudishwa na chama chao. Huyu wetu ndiye kichwa ngumu. Wakaona wamlete mbali kabisa."

"Akikubali?"

"Akikubali anavishwa skafu ya chama kipya, anatolewa video watu waone, halafu anaenda kujiuzulu na anasimama tena na hao wengine. Sir ako na maghala huko kwao, Mbongo. Anajua serikali gani inakuja."

"Na asipokubali?"

"Basi tutamlisha mpaka azeeke." Akanicheka. "Si hata kwenu wanahama?"

Kwetu wanahama, tena wanahama wakicheka. Ila mimi nilikuwa nimeshaelewa jambo lililonihusu. Safari yangu ya Morogoro ilikuwa mikononi mwa mwanasiasa asiyejua anaelekea wapi.

Jioni ile sir alituita sebuleni, mimi na dereva, akatoa amri. Hakuna likizo, hakuna siku ya kutoka, hakuna picha, hakuna kumtaja mgeni kwa mtu yeyote, mpaka mambo ya Bhaiya yakamilike. Alisema hivyo akinitazama mimi zaidi. Nani Morogoro angenunua habari za mbunge wa India, sijui. Niliitikia, "Sawa, sir," nikarudi jikoni, na usiku wakati wa kusali nikajikuta naomba ahame. Ya Rabbi, mfanyie wepesi ahame. Baba yangu angezisikia dua zangu za siku zile angeniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hatukumpa, tulimpa kufuli. Simu yake ilikaa mfukoni mwa sir. Ikiita, sir huitazama kwanza, akiona anayepiga anafaa humpa, na husimama pembeni yake mpaka amalize. Runinga ya chumbani kwake iliondolewa ikasemekana imekwenda kutengenezwa. Pasipoti yake ilikwenda kukaa na zetu. Niliiona siku niliyopeleka chai chumba cha kazi na kasha liko wazi, tatu juu ya rafu moja, na sikujua nicheke au nilie. Mtu mwenye walinzi kwao, mwenye gari la king'ora, kakaa na sisi kwenye kasha.

Ilikuwa Agosti, jua la kule halimruhusu mtu kutoka, lakini yeye alitoka. Kila alasiri aliuzunguka ua kwa ndala, mikono mgongoni, anafika kwenye geti anageuka. Ndege zilipita juu yetu chini kabisa, maana Mirdif iko jirani na uwanja, na kila ilipopita moja yeye alinyanyua uso na mimi niliyekuwa naanika nguo nilinyanyua wangu. Mwanzo iliniudhi. Niliona anavyotaka kuondoka kwa nguvu zilezile nilizonazo mimi, tofauti ni kwamba yeye mlango wake ulikuwa neno moja tu kinywani mwake. Sema basi, nikawa nasema kimoyomoyo. Sema twende.

Madam hakuwa na ubaya. Alimpikia kaka yake vyakula vya utotoni kwao, akakaa kumtazama anavyokula, na akila kidogo macho yake yalijaa machozi. Alikuwa katikati ya mume na kaka, na kwao kaka mkubwa hajibizwi, na mume naye hajibizwi. Kwa hiyo akawa anampikia.

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya jiko, hakina dirisha, kina mashine ya kufulia na magunia ya mchele. Ndicho chumba pekee ambacho wenye nyumba hawakuingia. Siku moja Mheshimiwa alikuja mwenyewe kuleta kanzu yake fupi ipigwe pasi, akaketi juu ya gunia la mchele, na hakuondoka. Kesho yake akaja tena. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu na changu cha kuungaunga, tukaelewana. Aliniita beta, neno lao la kumwita mtoto, ingawa mimi ni mtu mzima mwenye meno yote.

Alinisimulia maisha yake kidogokidogo huku mvuke unapanda. Alianza kama katibu wa ushirika wa maziwa. Asubuhi wanavijiji wanaleta maziwa kwenye madumu, yeye anapima. Waliompenda walimpendea hapo, kwa sababu hakuwapunja. Chama cha kwanza kikaja kikamwambia watu kama wewe ndio tunaowataka, akasimama, akashinda. Uchaguzi uliofuata nafasi yake ikapewa mpwa wa kiongozi. Akatoka akilia mbele ya watu, akasimama peke yake bila chama, akaanguka vibaya. Akakaa nje miaka ambayo hata watu aliowasaidia kuoza mabinti zao hawakupokea simu yake. Ndipo chama cha mstari wa kahawia kilipomwokota. Akashinda, akaahidiwa uwaziri, akapewa uenyekiti wa bodi ya mbegu.

"Ya mbegu gani?" nikamuuliza.

"Za mtama," akasema, na tukacheka wote wawili, mara ya kwanza katika nyumba ile kumsikia akicheka.

Akaniambia kwao mtu akihama, chama kinachompokea hutangaza kuwa amerudi nyumbani, hata kama hajawahi kukanyaga hapo maishani. "Nimesharudi nyumbani mara moja," akasema. "Sasa wanataka nirudi tena. Nina nyumba nyingi kuliko shemeji yangu."

Nilianza kumwonea huruma, na hiyo huruma sikuitaka. Mimi nilimtaka ahame, basi. Siku zilikuwa zinakwenda, dada yangu ananiuliza kila jioni kama nimekata tiketi, na mimi nilimjibu inshallah, ile ya mlangoni.

Siku moja asubuhi madam aliingia jikoni uso umemng'aa. Bhaiya amekubali. Video itarekodiwa kesho yake, na keshokutwa ataondoka. Tatizo likawa skafu. Ile ya chama kipya, ya zambarau yenye pindo jeupe, ilitumwa kwa mizigo na haijafika. Sir akasema kwani nini, ni kitambaa. Akamwagiza dereva anipeleke Bur Dubai, tukatafute zambarau inayofanana na ile ya kwenye picha.

Sijawahi kuifurahia Bur Dubai kama siku ile. Tulipita maduka ya vitambaa mlango kwa mlango, dereva kashika picha kwenye simu, mimi nageuzageuza majora kwenye mwanga. Muuza duka wa tatu, Mhindi wa jimbo hilohilo, aliitazama picha, akatutazama sisi Waafrika wawili, akatabasamu kidogo. Akakata bila kuuliza.

"Sista, umeona?" dereva akasema tukitoka. "Watu huhangaika miaka kujenga chama. Sisi tumenunua kwa mita."

Tulisimama kidogo kwenye Creek, ule mkono wa bahari. Abra, boti za kuvushia watu, zilikuwa zinavuka kwenda Deira, watu wanapanda, wanalipa, wanavuka, hakuna anayeuliza mtu anakwenda wapi. Dereva akasoma mawazo yangu.

"Ukivuka utaenda wapi na hauna pasipoti?" akasema. "Utarudi tu. Yalla, twende."

Alasiri hiyo nilishona pindo jeupe kwa mkono nikiimba. Nilikuwa na hesabu kichwani: kesho video, keshokutwa yeye, mtondo mimi, na arobaini bado siku kadhaa mbele. Mheshimiwa akaja akaketi kwenye gunia lake. Juu ya meza ya pasi zilikuwa skafu mbili, ya kahawia imeshakunjwa, ya zambarau naipitishia pasi. Alizitazama muda mrefu.

"Beta, kwenu mbunge akihama chama, watu hufanya nini?"

Na mimi, kwa sababu moyo ulikuwa mwepesi, kwa sababu nilijiona nimeshafika Morogoro, na kwa sababu tangu baba afariki hakuna mtu hata mmoja katika nyumba ile aliyeniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nikamjibu ukweli.

Nikamwambia baba yangu alikuwa seremala, na katibu wa tawi wa chama kidogo ambacho mtaani kwetu kilikuwa na wanachama wa kujaa kwenye benchi mbili. Mwaka mmoja benchi hizo zilipata mbunge. Baba alimtembeza mtu yule nyumba kwa nyumba kwa miguu, akamdhamini kwa jina lake. Hata muhula haujatimia, mbunge akahama. Akarudi kwenye uwanja wetu na msafara na sufuria za pilau, na wote wakaenda, hata waliomtukana. Baba naye alikwenda. Alijitwika kiti chake mwenyewe alichokichonga, akapita katikati ya watu hadi mbele kabisa, akakiweka, akaketi kalipa mgongo jukwaa. Hakusema neno. Hotuba ya saa nzima mbunge aliitoa akitazama kisogo cha baba yangu. Watu wengine walicheka, wengine wakaacha kula. Ilipokwisha alibeba kiti chake akarudi nyumbani, na mimi nyuma yake nimemshikia kofia.

Nilisimulia nikilia na nikitabasamu. Nilikuwa najivuna. Mheshimiwa alinyoosha kidole akaugusa mstari wa kahawia, akainuka, akazichukua skafu zote mbili akaenda zake.

Asubuhi walipanga kiti sebuleni, nyuma yake ukuta mweupe, taa mbili, simu juu ya stendi yake. Upande wa pili wa simu wakubwa wa chama kipya walikuwa wanasubiri kuonyeshwa. Mimi nilisimama karibu na mlango na sinia la chai. Mheshimiwa akashuka ngazi taratibu, nyeupe tupu, nywele zimechanwa, na begani ana skafu ya kahawia.

Sir alikata simu kwa haraka kiasi cha kuiangusha. Madam akanigeukia mimi. "Wewe umempa ipi? Umepiga pasi ipi?"

"Mwache," Mheshimiwa akasema. "Nimeichagua mwenyewe. Sihami."

Alisimama wima, na kusema kweli alipendeza. Mtu mwingine angempigia makofi. Alinitazama mimi, kana kwamba tumeshinda kitu pamoja, kana kwamba ananirudishia hadithi yangu ikiwa imesafishwa. Na mimi nilimchukia. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu nisiyemdai. Alikuwa amesimama pale na ushujaa wa baba yangu begani, na mwenye ushujaa yuko kaburini ananingoja. Niliweka sinia chini, nikaenda chumba cha pasi, nikauma taulo.

Sir hakupiga kelele. Alifunga geti kwa kufuli la pili na akasema hakuna haraka, tutaongea. Basi tukakaa. Ngojangoja huumiza matumbo. Nilimwendea madam nikamkumbusha arobaini. Akasema, "Bado si ipo? Ngoja Bhaiya atulie." Nikamwendea sir, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamwomba pasipoti yangu kama haki yangu. Aliniuliza nataka kwenda na habari gani. Nikamwambia sina habari, nina msiba. Akasema khalas, yaani basi, akarudi kwenye kompyuta. Dereva alinishauri nitoroke niende ubalozini Abu Dhabi. Lakini mwajiri akishatoa taarifa kuwa umetoroka, kazi imekwisha na njia ya kurudi imefungwa, na kwa mshahara ule watu wangu walikuwa wanakula. Nilihesabu, nikabaki. Ndiyo hivyo watu hukaa kwenye nyumba zisizo na minyororo.

Mheshimiwa naye aliendelea kuzunguka ua. Mbele yangu alikuwa na furaha ya mtoto aliyesema ukweli. Mimi nilimpigia nguo pasi bila kumjibu.

Arobaini ikafika. Simu za mtandao tulizozoea kwetu hazipiti vizuri kule, kwa hiyo dada yangu alinirekodia hitima kwa vipande na kunitumia. Nilivisikiliza chumba cha pasi, mlango nimeegesha, pasi inawaka bure. Nilisikia visomo, nikasikia kuku wa jirani, nikasikia watoto wakinyamazishwa. Kisha shangazi akaanza kuwataja watoto wa marehemu, mmoja mmoja anaitika. Alipofika kwangu kukawa kimya, na shangazi akasema, "Huyu yuko Uarabuni," kwa sauti ya kawaida tu, akaendelea na mwingine.

Niliponyanyua kichwa Mheshimiwa alikuwa mlangoni na shati mkononi. Akauliza ni nini hicho. Nikamwambia. Na kwa kuwa hapakuwa na cha kuharibika tena, nikamweleza yote: kwamba safari yangu ilifungwa kwenye safari yake tangu siku aliyofika, kwamba kila siku aliyosita ilikuwa siku yangu.

Aliketi kwenye gunia, uso wote umemshuka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini, sir?"

Alikutanisha viganja kifuani, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka kipande cha mwisho cha dua kikaisha. Kisha akasema, "Nitamwambia dada yangu. Mimi ni kaka yake mkubwa, hawezi kunikatalia. Siku nitakayoondoka mimi, utaondoka na wewe. Nakuahidi, beta." Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimwamini. Nilijua ni mwanasiasa, nimekulia mikononi mwa mtu aliyewajua wanasiasa, na bado nilimwamini, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwamini.

Wiki hiyohiyo chama cha mstari wa kahawia kilimfukuza. Hawakujua chochote kuhusu asubuhi ile ya skafu. Wao walichojua ni kwamba hapatikani kwenye simu na wenzake wako hotelini, wakamhesabu na walioondoka. Nafasi yake wakamtangazia msaidizi wake, aliyekuwa akimbebea mkoba. Sir alimletea simu mezani akamwachia asome mwenyewe. Alisoma, akaisukuma sahani. Madam akaanza kumbembeleza ale. Yeye akamwuliza, kwa Kiingereza ili na mimi nielewe au kwa kusahau, "Ile ya zambarau iko wapi?"

Nilikuwa nayo mimi, niliiokota chumbani kwake siku nilipotandika kitanda. Niliipiga pasi upya. Alikuja kuichukua na hakuketi.

Video ilikwenda mara moja bila kurudiwa. Sikuelewa lugha yao, ila neno moja nilikuwa nimeshafundishwa, na nilimsikia akilisema mara mbili: nyumbani. Alitabasamu alipolisema. Wakubwa wa upande wa pili wakapiga makofi kwenye simu, madam akalia kwa furaha, na sir akaenda kufungua kasha akatoa pasipoti moja.

Aliondoka alasiri. Simu yake ilikuwa imerudishwa, na tangu ilipomgusa mkono haikuacha kuita. Alishuka ngazi anaongea, akapita sebuleni anaongea, akamkumbatia dada yake kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza, nimevaa vizuri, begi langu limefungwa liko nyuma ya mlango wa jikoni. Dereva alikuwa amenitazama akatazama chini. Mheshimiwa alipofika garini aligeuka, simu sikioni, akaniona, akainua mkono juu kabisa akaupunga polepole kulia na kushoto, kama wanavyopungia umati. Nilikuwa peke yangu pale barazani. Mlango ukafungwa, geti likafunguka, wakaenda.

Madam alirudi ndani akijifuta macho kwa ncha ya shali. Nilimfuata hadi jikoni.

"Madam, Bhaiya hakukwambia kitu kuhusu mimi?"

Alifikiri, na niliona anafikiri kwa dhati, hakuwa mtu wa kuficha. "Alisema pasi yako ni nzuri sana," akasema.

Nikamwambia begi langu liko tayari. Nikamkumbusha, neno kwa neno, alichoniahidi.

"Lakini ile siku yenu si imeshapita?" akaniuliza kwa upole, na mkono wake ulikuwa begani kwangu. "Imepita. Sasa haraka ya nini tena? Ngoja Bhaiya amalize uchaguzi wake kwanza."

Nilitaka kumwambia kwamba kupita kwa siku hakukumfufua baba yangu, kwamba bado ni marehemu na mimi bado sijafika. Kwa Kiingereza changu maneno hayo yasingesimama. Nikasema, "Sawa, madam," nikapanda juu kutandua kitanda cha Mheshimiwa.